Garissa, Aprili 2015: namna taifa linavyofundishwa kuzoea

Tarehe 14 Novemba 2015, siku moja baada ya mashambulizi yaliyoua watu 130 jijini Paris, mojawapo ya habari zilizokuwa zikisomwa zaidi kwenye tovuti ya BBC haikuhusu Ufaransa. Ilihusu wanafunzi waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Watu kwa mamilioni waliifungua, wakaisambaza kwa uchungu, wengi wakilalamika kwamba dunia nzima inaililia Paris ilhali Waafrika wanauawa siku hiyohiyo na hakuna anayejali. Habari yenyewe ilikuwa ya Aprili. Tarehe iliandikwa pale juu, waziwazi, na wanafunzi wale walikuwa wamezikwa miezi saba nyuma.

Nimeanzia huku mwishoni kwa makusudi. Tunapozungumzia jamii iliyokufa ganzi kwa habari za mauaji, huwa tunamfikiria mtu aliyeona maiti nyingi mpaka moyo wake ukawa jiwe. Waliosambaza habari ya Garissa mwezi ule wa Novemba hawakuwa na moyo wa jiwe. Walikuwa na hasira, tena hasira ya kweli. Ila waliishika Garissa kama fimbo ya kuwachapia wenzao waliokuwa wakiomboleza Paris, na mwenye kushika fimbo haulizi mti ulikatwa lini. Habari ilipokuwa mbichi, wengi wao ama hawakuisikia, ama waliisikia ikapita. Kwa hiyo sitauliza kwa nini watu hawana huruma. Huruma ilikuwepo Aprili, na ikaonekana tena Novemba. Ninachotaka kujua ni kwa nini haikupata pa kushika.

Alhamisi kabla ya Pasaka

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye bunduki waliingia katika chuo hicho, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Waliwafyatulia risasi walinzi langoni, wakawavamia wanafunzi waliokuwa darasani katika maombi ya asubuhi, kisha wakaingia mabwenini. Huko waliwatenga Waislamu na Wakristo, wakawaua Wakristo. Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, ilidai kuhusika. Hesabu ya mwisho ilikuwa watu 148: wanafunzi 142, polisi watatu na wanajeshi watatu. Tangu bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998, Kenya haikuwa imepoteza watu wengi kiasi hicho katika shambulio moja la kigaidi.

Shambulio hilo halikuja bila dalili. Siku chache kabla, kulikuwa na tahadhari kwamba vyuo vikuu vingeweza kulengwa, na Uingereza na Australia zilikuwa zimewaonya raia wao kuhusu usalama nchini Kenya. Siku moja kabla ya mauaji, Rais Uhuru Kenyatta alizikosoa hadharani tahadhari za usafiri za namna hiyo. Halafu, asubuhi yenyewe, kikosi maalumu cha polisi cha Recce kilibaki Nairobi kwa saa nyingi kikisubiri usafiri wa anga. Waandishi wa habari walioondoka Nairobi kwa magari, mwendo wa zaidi ya kilomita 350, waliripotiwa kufika kabla yake. Ikaja kuripotiwa pia kwamba ndege ya polisi ilikuwa imekwenda Mombasa siku hiyo, ikawabeba jamaa za afisa mmoja mkubwa. Kikosi kilipoingia kazini jioni, kilimaliza kazi kwa muda usiotimia saa moja.

Huo muda usiotimia saa moja ndio unaouma kuliko yote. Mzazi akishaujua, hawezi kuambiwa kwamba hakukuwa na njia.

Njia iliyokwisha kukanyagwa

Garissa haikuwa ya kwanza, na hapa kisa kinahitaji kurudishwa nyuma. Tarehe 21 Septemba 2013, al-Shabaab iliingia katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67. Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni, pwani, na Rais akasema hadharani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mitandao ya wanasiasa wa huko, ingawa al-Shabaab yenyewe ilikuwa imekwisha kujigamba. Tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 waliteremshwa kwenye basi karibu na Mandera, mji ulio mpakani na Somalia, na kuuawa. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa usiku kwenye machimbo, palepale Mandera. Kisha Garissa. Yote haya katika miezi isiyotimia 19.

Mtu akisoma orodha hiyo upesi atasema: ndiyo, watu walichoka, misiba ilizidi. Nadhani ni maelezo ya haraka mno. Soma tena, safari hii ukiangalia kilichofuata baada ya kila msiba.

Baada ya Westgate, Wakenya walipanga foleni ndefu kuchangia damu na wakachanga pesa kwa simu. Tarehe 1 Oktoba 2013, katika maombi ya kitaifa, Rais aliahidi tume ya uchunguzi itakayoeleza taifa lilifikaje pale. Tume hiyo haikuundwa. Kamati ya pamoja ya Bunge iliandika ripoti, na Bunge lenyewe likaikataa Machi 2014. Baada ya Mpeketoni, taifa lilibaki likibishana hata kuhusu nani aliyeua. Baada ya basi la Mandera, watu waliandamana Nairobi wakitaka wakuu wa usalama waondoke, serikali ikatulia. Ni baada ya machimbo ndipo Inspekta Jenerali David Kimaiyo alipostaafu na Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Ole Lenku, akaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Joseph Nkaissery. Mwezi huohuo sheria mpya ya usalama ilipitishwa bungeni katikati ya vurugu, wabunge wakirushiana ngumi, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vyake vinane kwa kuwa vilikiuka Katiba.

Kwa raia aliyefuatilia yote hayo kwa makini, somo lilikuwa wazi. Ukichanga damu, ukachanga pesa, ukaandamana, ukauliza, utapewa mabadiliko ya vyeo na sheria inayokubana wewe mwenyewe. Swali la nini kilitokea na nani alizembea litaachwa lining'inie mpaka shambulio lijalo lije lilifunike. Raia wa namna hiyo akipokea habari ya sita kwa kuguna tu, sioni haki ya kumwita mkatili. Amejifunza kutokana na yaliyompata.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi waliozungumza baada ya Garissa. Wingi wa vifo peke yake hauui hisia za umma. Vifo vinavyofungwa bila majibu ndivyo vinavyoziua, kwa sababu kila mara vinamfundisha mtu kwamba kujali kwake hakumfikii yeyote.

Idadi iliyokosewa

Jibu la Wakenya kwa Garissa lilikuja haraka, na lililenga ganzi moja kwa moja. Ndani ya siku mbili tatu mitandao ilijaa alama ya reli iliyosema kwamba 147 si idadi tu. Mwanasheria na mwanaharakati Ory Okolloh alikuwa miongoni mwa walioisukuma, lakini iliwazidi nguvu waanzilishi wake. Ikawa ya kila mtu. Watu walituma majina ya marehemu, picha zao wakiwa wamevaa nguo za kanisani au wakiwa na marafiki bwenini, na mistari michache: alikuwa anasomea ualimu, alikuwa kifungua mimba, alipenda kuimba. Jumanne ya tarehe 7 Aprili watu walikusanyika kwenye bustani ya Uhuru Park wakiwa na mishumaa na misalaba, na majina yakasomwa.

Walioanzisha jambo hili huenda hawakuwa wamesoma utafiti wowote wa saikolojia, lakini waligusa palepale watafiti walipokuwa wamegusa. Daktari wa akili Robert Jay Lifton, aliyewahoji manusura wa Hiroshima katika miaka ya 1960, ndiye aliyeipa ganzi hii ya akili jina kitaaluma: mtu aliyezungukwa na vifo vingi kupita kiasi hujifunga ili aendelee kuishi. Baadaye Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha mwaka 2007 majaribio yaliyoonyesha upande wa pili, wa watazamaji walio mbali. Watu walioonyeshwa picha ya msichana mmoja mwenye njaa kutoka Mali walichangia takribani mara mbili ya walioonyeshwa takwimu za mamilioni wenye njaa. Waliopewa vyote viwili, msichana pamoja na takwimu, walichangia kidogo kuliko waliopewa msichana peke yake. Tarakimu ilikuja ikapunguza kile ambacho sura ilikuwa imekiamsha.

Wahenga nao walisema kifo cha wengi harusi. Lakini methali hiyo ni ya watu walio msibani, waliokaa mkeka mmoja na kupunguziana uchungu kwa kuwa wamefiwa pamoja. Mtazamaji wa runinga hayupo kwenye huo mkeka. Kwake kifo cha wengi hakina hata hiyo faraja. Ni maandishi yanayopita chini ya kioo wakati anasubiri matokeo ya mpira.

Kuna kejeli moja katika kaulimbiu ile ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Idadi yenyewe haikuwa sahihi. Ya kwanza kutangazwa ilikuwa 147, ya mwisho ikawa 148. Maneno yaliyokusudiwa kumwokoa kila mmoja asipotelee kwenye tarakimu yalimwacha mtu mmoja nje, na tarakimu pungufu ndiyo iliyobaki kwenye mabango, kwenye fulana na kwenye kumbukumbu za watu. Simlaumu yeyote. Kaulimbiu ilikuwa imekwisha kuenea kabla hesabu haijatulia. Inanionyesha tu jinsi tarakimu ilivyo na nguvu: hata anayepigana nayo anajikuta ameibeba mgongoni.

Maelezo ya wanasaikolojia, hata hivyo, yana mwisho wake. Kama idadi kubwa ndiyo inayozima huruma, basi Garissa ilipaswa kuwashinda Wakenya palepale, na Westgate, yenye nusu ya vifo hivyo, ingewagusa kiasi. Kwamba Westgate ilishika macho ya dunia kwa muda mrefu zaidi kuna sababu nyingine, na hizo hazimo kichwani mwa mtazamaji. Westgate ilikuwa Nairobi, ambako magari ya matangazo yangefika kwa dakika chache, na ilirushwa moja kwa moja kwa siku nne. Waliokufa humo walitoka nchi nyingi. Alikuwemo mshairi wa Ghana Kofi Awoonor, na alikuwemo mpwa wa Rais pamoja na mchumba wake. Garissa ilianza na kuisha kwa siku moja, mbali na kamera. Waliokufa walikuwa watoto wa wakulima na walimu wa shule za msingi kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao wakiwa wamepangiwa chuo hicho na mfumo wa serikali wa kugawa nafasi, na baadhi wakiwa wa kwanza katika familia zao kukanyaga chuo kikuu. Miezi mitatu kabla, viongozi zaidi ya 40 wa mataifa walikuwa wameshikana mikono wakiandamana Paris kwa ajili ya watu 17 waliouawa katika mashambulizi ya siku tatu huko, yakiwemo ya ofisi za jarida la Charlie Hebdo. Hakuna msafara kama huo uliokwenda Nairobi, sembuse Garissa.

Hilo la viongozi linajulikana na limeshalalamikiwa vya kutosha, kwa hiyo silirefushi.

Habari yenye umbo moja

Ninalotaka kulikalia ni namna habari zenyewe zinavyoandikwa. Taarifa ya shambulio ina umbo ambalo msikilizaji wa redio analijua kwa moyo: watu kadhaa wameuawa, mahali fulani, na watu wanaoshukiwa kuwa wapiganaji wa kundi fulani, kamishna amethibitisha, waziri amelaani vikali, msako unaendelea, Shirika la Msalaba Mwekundu liko eneo la tukio. Kesho yake idadi inasahihishwa. Keshokutwa anapatikana manusura wa ajabu. Kule Garissa, manusura huyo alikuwa msichana wa miaka 19 aliyepatikana Jumamosi, siku mbili baada ya shambulio, akiwa amejificha kabatini, na hadithi yake ilizunguka dunia nzima.

Umbo hilo lina sababu zake. Ripota ana dakika mbili, chanzo chake ni afisa anayesoma karatasi, na mhariri anataka kitu kisichoweza kukanushwa. Lakini ukitoa tarehe na jina la mahali, habari ya Mandera ya Novemba, ya Mandera ya Desemba na ya Garissa ya Aprili zinabadilishana nafasi bila mtu kushtuka. Na ndiyo maana mamilioni ya watu waliweza kuisoma habari ya Aprili mwezi Novemba wakidhani ni ya jana. Haikuwa na kitu ndani yake kilichowaambia kwamba wakati umepita. Haikuwa na swali lililokuwa likisubiri jibu, ambalo msomaji angejiuliza: je, lilijibiwa?

Ripota aliyeshika swali la ndege alikuwa na habari ya aina nyingine kabisa. Ile ilikuwa na kesho. Ilimtaka mtu fulani aliyepo ofisini aeleze saa fulani alikuwa anafanya nini. Habari ya namna hiyo haiwezi kusomwa miezi saba baadaye kama mpya, kwa sababu inazeeka. Ama imejibiwa ama imekwepwa, na kukwepwa nako ni habari. Vyombo vya Kenya viliibua swali hilo na vinastahili sifa. Kilichovishinda ni kulibakiza ukurasa wa kwanza.

Siku kumi

Angalia jinsi mazungumzo yalivyohama. Jumamosi ya tarehe 4 Aprili, Rais alilihutubia taifa na kutangaza siku tatu za maombolezo. Siku hiyohiyo, mjini Garissa, miili ya washambuliaji ilizungushwa mitaani juu ya gari na kuonyeshwa umati. Nairobi, wazazi walikuwa wakikusanyika kwenye uwanja wa Nyayo na kupelekwa mochari ya Chiromo kuwatambua watoto wao, kazi iliyochukua siku nyingi kwa sababu baadhi ya miili haikutambulika kwa macho na ilihitaji alama za vidole. Ndege za kivita za Kenya zilishambulia kambi za al-Shabaab ndani ya Somalia. Maafisa kadhaa wa usalama wa Garissa walisimamishwa kazi. Rais aliagiza makurutu 10,000 wa polisi waripoti mafunzoni, ingawa mahakama ilikuwa imekwisha kubatilisha usajili wao kwa tuhuma za rushwa.

Tarehe 11 Aprili, Naibu Rais William Ruto alilipa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi miezi mitatu liwahamishe wakimbizi wa kambi ya Dadaab warudi Somalia, la sivyo Kenya ingewahamisha yenyewe. Zilikuwa zimepita siku tisa tangu mauaji. Kuanzia hapo mjadala ukawa wa Dadaab: sheria za kimataifa zinasemaje, Marekani imesema nini, wakimbizi wangapi, waende wapi. Baadhi ya wazazi walikuwa bado hawajapata miili.

Sidai kwamba kulikuwa na njama ya kubadilisha mazungumzo. Serikali yoyote iliyobanwa hutafuta mlango, na Dadaab ulikuwa mlango mkubwa ulio wazi, uliowahusu watu wasio na kura. Ila matokeo yake kwa umma yalikuwa yaleyale ya Westgate na Mandera. Swali lililomhusu mtu mwenye cheo liligeuzwa kuwa swali linalomhusu mtu asiye na sauti, na hasira ya taifa ikaelekezwa huko mpaka ikapoa.

Miezi tisa baada ya Garissa, tarehe 15 Januari 2016, al-Shabaab iliivamia kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia. Safari hii serikali haikutoa idadi ya waliouawa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alizungumzia wanajeshi kati ya 180 na 200, Kenya ikakanusha. CNN baadaye ilifanya uchunguzi wake ikafikia angalau 141. Mwandishi mmoja wa habari wa Kenya alikamatwa kwa aliyoyachapisha mtandaoni kuhusu tukio hilo. Taifa lililokuwa limepigania marehemu wake wasiwe tarakimu sasa lilinyimwa hata tarakimu. Wanajeshi walizikwa kijiji kwa kijiji, kila familia na jeneza lake, na hakuna mahali ambapo msiba huo ulikusanyika ukawa mmoja.

Anayetaka kusema Wakenya walikuwa wamekwisha kuzoea kufikia mwaka 2016 ajibu kwanza swali hili: walizoea nini, ikiwa hawakuambiwa?

Walio karibu

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Ganzi inasaidia. Muuguzi wa hospitali ya Garissa aliyepokea majeruhi siku ile hakuweza kulia na kushona jeraha kwa wakati mmoja. Dereva wa basi la Mandera anayerudi barabarani wiki inayofuata lazima aweke kando baadhi ya anayoyajua. Lifton aliliona hili kwa manusura wake na hakulihukumu. Kumtaka kila raia ahisi kila kifo kwa ukamilifu ni kumtaka asiweze kuamka asubuhi.

Nakubali, lakini ganzi ya muuguzi ni tofauti na ya mtazamaji, na kuzichanganya kunamsaidia mtazamaji kujisamehe bure. Ushahidi upo barabarani. Tarehe 21 Desemba 2015, al-Shabaab ilisimamisha basi lingine katika kaunti ya Mandera, ikawataka Waislamu wajitenge na Wakristo kama ilivyofanyika mwaka uliotangulia. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa Wakristo mitandio yao wajifunike, na mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi kwa kukataa kwake, akafariki wiki kadhaa baadaye. Hao walikuwa watu wa eneo lililokuwa limeona mauaji mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya katika miaka ile. Kama kuona vifo vingi ndiko kunakoua huruma, basi ingekufa kwao kwanza. Walichokuwa nacho ambacho mtazamaji wa Nairobi au wa Ohio hakuwa nacho ni uwezo wa kufanya jambo lenye matokeo, pale pale, kwa mtu waliyemwona uso.

Januari 2019, Wakenya wote walipata nafasi ya kuonyesha kama wamekufa ganzi. Al-Shabaab ilishambulia hoteli na ofisi za DusitD2 jijini Nairobi, watu 21 wakauawa. The New York Times lilichapisha picha ya marehemu wakiwa wameinamia meza zao. Ghadhabu iliyolipuka ilikuwa kubwa kuliko gazeti hilo lilivyotarajia, na swali lilikuwa moja: mngechapisha picha kama hii ya Mmarekani? Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likalitaka gazeti liiondoe picha hiyo. Wengine waliona ni ajabu watu kukasirikia picha badala ya bunduki. Mimi sikuona ajabu. Mhariri wa gazeti ana anwani na anaweza kujibu. Hasira huenda inakotumaini kusikilizwa.

Mwezi Juni mwaka huohuo, zaidi ya miaka minne baada ya Garissa, mahakama jijini Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kusaidia shambulio. Mmoja alifungwa maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Hukumu ilitangazwa, ikasomwa kwenye taarifa ya saa moja, na kesho yake kulikuwa na habari nyingine. Mahakama ilishughulikia waliosaidia wauaji, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Swali la tahadhari zilizopuuzwa na la ndege halikuwa mbele yake.

Na bado, jibu la aina fulani lilikuwa limekwisha kuonekana, kule DusitD2. Vikosi vilifika mapema, vilifanya kazi kwa mpangilio ambao Westgate haikuuona, viliwatoa mamia ya watu wakiwa hai, na shambulio lilimalizwa kwa muda wa chini ya saa 20. Ni wazi kwamba mahali fulani ndani ya serikali mtu alikuwa amekaa chini akapitia makosa ya Westgate na Garissa, akayaandika, na mambo yakabadilishwa. Kazi hiyo ilifanywa kimya. Rais alipotangaza kwamba operesheni imekwisha, alivisifu vikosi na kuwapa pole waliofiwa siku hiyo. Sikusikia yeyote mwenye mamlaka akiwageukia wazazi wa wale wanafunzi 142 na kuwaambia ni makosa gani yalifanyika siku ya watoto wao, na ni nini kilichorekebishwa kwa sababu hiyo.